Kichwa cha Tavian Oakes

Paa!

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa bado chini ya jukwaa, kwenye njia ya zege wanayopitia wachezaji, kahawa mkononi, mvua ya Oktoba ikipiga mabati juu yangu, na mlio ule ukanipiga kifuani ukatokea mgongoni. Milio ni mingi uwanjani. Helmeti zikigusana zinalia kama sufuria. Bega likigonga mbavu linalia kama gunia limeangushwa sakafuni. Huu haukuwa hivyo. Huu ulikuwa mmoja, mkavu, kama ubao mnene umevunjiwa gotini, na watu wachache wa chuo kile kidogo wakanyamaza kwanza, ndipo wakapiga kelele.

Nikajisemea: yeyote aliyegonga vile, huyo ni wangu.

Nilipotokea kwenye mwanga alikuwa tayari amesimama, jezi namba hamsini na mbili, anamwinua aliyemwangusha. Akampiga kofi la kirafiki mgongoni, akageuka, akaanza kutembea kurudi kwenye benchi. Benchi la wapinzani. Mwenzake mmoja akamkimbilia, akamshika mabega, akamgeuza, na wote wawili wakacheka. Hata mimi nilicheka, peke yangu pale kwenye mvua, nikampenda.

Mimi ni skauti. Vuli nzima nazunguka vyuo vya Ohio na Indiana, nalala hoteli za kando ya barabara kuu, natazama vijana wa mpira wa Kimarekani wanavyogongana, kisha naiambia klabu yangu ni nani wa kumchukua Aprili, siku ya uteuzi, klabu zote za kulipwa zinapokaa kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Katika chumba chetu mimi ndiye mdogo kuliko wote. Wakubwa wamegawana vyuo vyenye majina, vyenye viwanja vya watu laki moja. Mimi nilitupiwa makombo, na ndani ya makombo nikaokota Tavian Oakes. Nasema nikaokota, wala sioni haya. Siku ya mvua ile hakuwepo skauti mwingine. Nilimwona mimi, na nilimpigania mimi, majira yote ya baridi, mbele ya meza nzima ya watu walioniita dogo.

"Dogo, huyo amezoea kugonga watoto wa shamba," Lindqvist aliniambia Januari. Lindqvist ndiye bosi wetu, mzee mnene wa sauti ndogo.

"Basi mleteni mtoto wa mjini asimame mbele yake," nikamjibu. "Mimi nitamshikia koti lake, na meno yake nitamwokotea."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Lindqvist hakucheka. Alikwenda ukutani, kwenye orodha ya wachezaji tunaowataka, akalitoa jina la Tavian chini, akalibandika katikati. Mwezi uliofuata akalipandisha tena. Nilitembea siku ile kama mtu aliyeota mbawa.

Nyumbani kwao, Lima ya Ohio, nilikuwa nimekwenda Novemba iliyotangulia, siku ya Jumapili baada ya kanisa. Skauti lazima afike nyumbani. Anataka kumjua mtu ambaye akisema hapana, kijana anasikia. Kwa Tavian mtu huyo alikuwa mama yake, Bi Lorene, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpiga ngumi. Aliniwekea kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, sukuma wiki iliyopikwa na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi.

"Kula, mwanangu. Umekonda kama waya. Klabu yenu haiwalishi?"

"Inatulisha maneno, mama."

"Maneno hata hapa yapo, tena ya bure. Kula."

Tavian alikula kama mtu anayejaza lori. Mama yake akamwonyesha kwa uma.

"Unamwona huyu? Alipokuwa mdogo, alikuwa anasikiliza mahubiri mara moja tu. Jioni ananirudishia yote, neno kwa neno, na kikohozi cha mchungaji ndani yake."

"Mama, basi."

"Basi nini? Mchungaji mwenyewe alikuwa anamwogopa. Alisema siku nikikosea, mtoto huyu atanishitaki."

Baadaye Tavian alitoka kwenda kusafisha majani uani, nami nikabaki nikifuta vyombo. Bi Lorene akafunga bomba.

"Ninyi mnamtazama kwa macho ambayo mimi sina," akasema. "Mimi nikimtazama namwona mwanangu tu. Sasa, ukiona kwake kitu ambacho mimi sikioni, uje uniambie. Sitaki simu. Uje ukae kiti kile pale."

Nikacheka. "Sawa, mama."

"Sijakuambia ucheke."

Aprili ikafika, na klabu ikamwita Tavian kwa siku moja, kama inavyowaita wachache inaowataka kweli. Alipimwa goti, moyo, macho. Alihojiwa na makocha. Mchana nikamkuta kwenye bwalo letu, sinia mbele yake, anatabasamu.

"Wamenipa ule mtihani wa kichwa," akasema. "Ule wa kompyuta. Unaonyeshwa maneno, unachezeshwa mchezo wa maumbo dakika kadhaa, halafu unaulizwa yale maneno yalikuwa yapi. Ngazi. Embe. Zambarau. Unaona? Bado ninayo."

"Na mwaka wa kwanza chuoni uliufanyaje?" nikamuuliza, tayari nacheka, maana jibu nililijua.

Kila mchezaji analijua. Kabla hujacheza mechi ya kwanza chuoni unafanya mtihani huo kichwa kikiwa kizima, ili siku ukigongwa ukaona nyota, daktari akufanyishe tena na kulinganisha. Umeshuka, unakaa nje. Hujashuka, unacheza. Kwa hiyo wa mwaka wa nne huwaita wa mwaka wa kwanza bafuni na kuwapa somo: ule wa kwanza, feli.

"Nilifeli kwa ustadi, kaka!" Tavian akapiga meza. "Walinifundisha vizuri. Ukikosa sana, mashine inakushtukia. Unakosa kiasi, kama chumvi. Neno hili nalijua, nalipita. Hili nalijua, nalipita. Yule mama wa maabara alinihurumia, akaniambia, pole, kijana, wengine wanajaliwa misuli."

Tukacheka mpaka wapishi wakageuka. Na mimi enzi zangu nilifanya vilevile, na aliyenifundisha alifanya vilevile. Kwetu haikuwa dhambi. Ilikuwa kama kufunga kamba za viatu.

Alasiri nilikutana na Daktari Feeney, daktari wa klabu yetu, kwenye korido, anavua glavu, uso umemchangamka.

"Kijana wako ni mzima," akaniambia. "Nilikuwa na wasiwasi na kichwa, kwa jinsi anavyogonga. Lakini matokeo ya leo na yale ya mwaka wake wa kwanza ni kitu kimoja. Miaka minne ya kugongana na hakuna kilichopungua! Kumbukumbu yake si nzuri sana, lakini ndivyo alivyozaliwa."

Akanipiga bega, akapita.

Ndivyo alivyozaliwa. Nilisimama pale, na mtu akapita na ndoo, mwingine akanisalimia. Nilikuwa namwona mtoto wa Lima akirudisha mahubiri na kikohozi ndani yake. Namwona namba hamsini na mbili akitembea kwenye mvua, kwa utulivu kabisa, kuelekea benchi ambalo si lake.

Nilibaki na tumaini moja tu, nikalikumbatia: kwamba leo pia alidanganya. Mazoea ni mazoea. Labda mkono wake ulikosea wenyewe, kwa tabia.

Kumpeleka uwanja wa ndege ilikuwa kazi ya dereva wa klabu. Nilimnyang'anya funguo.

Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inashuka kutoka kwenye ziwa lililo kando ya mji wetu. Tavian alikuwa anaimba kidogokidogo, miguu juu ya dashibodi.

"Tavian, nikuulize kitu, unijibu bila utani. Mtihani wa leo, umekosa kwa makusudi? Kama ule?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Leo nikose ili iweje? Leo nilikaza mpaka shati limelowa. Nilitaka muone nina akili, si mabega tu. Kwani nimepata ngapi?"

Vifuta-kioo vikaenda, vikarudi.

"Kaka. Nimepata ngapi?"

"Sawasawa na ule wa kwanza."

"Upi?"

"Ule uliofeli kwa ustadi."

Kwanza alicheka. Kisha kicheko kikamwishia katikati, kama gari lililoishiwa mafuta. Akashusha miguu. Niliona midomo yake inacheza.

"Ngazi," akasema. "Embe. Ngazi, embe..." Akafumba macho. "Kulikuwa na la rangi. Usiniambie! Nimesema usiniambie."

Sikumwambia. Tulipita nguzo, madaraja, maghala. Hakulipata.

"Umemwambia nani?" akauliza hatimaye.

"Bado."

"Basi usimwambie mtu. Thad, nisikilize. Kuna kitu kimoja tu duniani ninachokifanya kuliko mtu yeyote. Kimoja. Wewe mwenyewe ulikisikia ukiwa bado chini ya jukwaa. Kila siku unanisimulia. Sasa unataka nikafanye nini? Nikauze magari?"

"Uza magari."

"Wewe ungeuza?"

Mwaka wangu mimi nilikaa sebuleni siku nzima ya uteuzi, simu juu ya goti, na haikulia. Ingelia, na daktari akasimama mlangoni kunizuia, ningempita juu yake. Tavian alilisoma hilo usoni mwangu.

"Unaona? Basi tusidanganyane." Tulikuwa tumefika. Akachukua begi lake. "Mkiniacha ninyi, kuna klabu thelathini na moja zinazonitaka na hazijui kitu. Na kwa mama usiende. Nasema hivi kwa heshima, kaka. Kwa mama usiende."

Akafunga mlango wa gari taratibu, kama mtu mstaarabu anavyofunga mlango, akaondoka kwa mwendo wake ule wa kujiamini kuelekea lango la wanaofika. Mfanyakazi mwenye koti la njano akamwita, akamshika bega, akamgeuza kuelekea lango la wanaoondoka. Tavian akacheka, akamshukuru. Safari hii mimi sikucheka.

Nikampigia Lindqvist palepale kando ya barabara.

"Bosi, mtoe Oakes."

"Oakes gani? Oakes wako?"

Nikamweleza yote. Upande wa pili nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni, polepole, kikasimama.

"Daktari amesema ni mzima," akasema.

"Daktari amelinganisha na uongo!"

"Usinipigie kelele, dogo. Beki anayegonga vile anadumu nasi miaka mitatu. Minne, akiwa na bahati. Mimi sihitaji kichwa cha kufika uzeeni. Nahitaji cha miaka mitatu." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya upole, sauti ya babu anayembembeleza mjukuu. "Ulitufundisha wewe mwenyewe kumpenda. Sasa tunampenda. Simu hii hukunipigia. Nenda kale."

Akakata.

Nilipiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikalia na watu wakageuka. Majira yote ya baridi nilikuwa nimemsifu kwa ulimi wangu huu. Nilikuwa nimewaigizia mlio ule mezani, paa, kwa viganja vyangu, na wazee wale wakatikisa vichwa kwa utamu wake. Hakuna aliyeniuliza mlio ule ulikuwa unatoka wapi. Ulikuwa unatoka kichwani mwake. Na mimi nikauuza.

Nilijua nikiendelea kulisema jambo hili sitakuwa na kazi wiki ijayo. Nilijua pia kwamba Tavian anaweza kuchukuliwa hata hivyo, na sisi au na wengine, na akaenda akicheka. Hakuna mtu katika mpira huu ambaye angemwambia hapana akasikia. Isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa Lima, na jioni ile bila shaka alikuwa anasubiri kumpokea mwanawe.

Nikatafuta namba yake. Akapokea simu, maji yakimwagika nyuma yake.

"Mama, ni Thad. Yule wa waya."

"Nimeshakujua. Vipi, ndege yake..."

"Yuko salama, mama. Anapanda sasa hivi."

"Basi mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ulisema hutaki simu."

Bomba likafungwa. Nilimsikia akivuta kiti, kisha nikasikia kwamba hajakikalia.

"Ni kitu ambacho mimi sikioni?" akauliza. "Au ni kitu ambacho nimekuwa nikikiona?"

Niliegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Juzi aliacha jiko linawaka usiku kucha," akasema Bi Lorene. "Nikasema amechoka. Krismasi aliniuliza baba yake yuko wapi. Baba yake tulimzika Tavian akiwa darasa la tisa. Nikasema ananitania." Akapumua. "Amekukataza usije, sivyo?"

"Amenikataza."

"Na wewe?"

Niliwasha gari. Theluji ilikuwa imeanza kushika kwenye kioo, na kati yangu na Lima kulikuwa na giza tupu.

"Kiti kile kiache pale pale, mama," nikamwambia. "Naondoka sasa. Yeye atatangulia kufika, na ni afadhali, anisikie na yeye. Nitakaa kiti kile na nitakuambia kila kitu kwa mdomo wangu, hata akinipiga. Nakuahidi."