Mto Uliopokea Siku za Rukmi

Ijumaa asubuhi Rukmi alishuka mtoni nyuma ya nyumba na beseni la vitambaa, akachutama juu ya jiwe, akaanza kufua. Maji yakawa mekundu kuanzia pale alipochutama mpaka kwenye kona ya mianzi, kama yalivyofanya kila mwezi tangu afanyiwe upasuaji. Bata wa jirani walipita katikati, wakatoka upande wa pili na matumbo ya waridi.

Upasuaji ulikuwa wa moyo. Daktari wa mjini alimwekea vali ya chuma, akampa vidonge vya kuzuia damu isigande, akamwonya kwamba akiviacha vali itaziba naye atakufa. Rukmi hakuviacha. Kila alipokwenda kupimwa, daktari alimuuliza kama fizi zinatoka damu, kama pua inatoka damu, kama ana alama za damu iliyovilia mwilini. Kuhusu hedhi hakuuliza, na Rukmi hakuweza kuitaja mbele ya mwanamume aliyezungukwa na wanafunzi wake. Zamani siku zake zilikuja na kuondoka bila makuu. Sasa zilikaa nusu ya mwezi, pedi hazikufua dafu, ndipo akarudia vitambaa kama marehemu bibi yake.

Kwenye kona ya mianzi palikuwa na karakana ya batiki ya Kasmirah, dada mkubwa wa mumewe. Mwanzoni Kasmirah alinung'unika. Kisha akakuta kitambaa alichokisahau majini kimeshika wekundu usiopauka juani wala kuchuja kwa sabuni. Akatumbukiza vingine. Haukupita muda, maharusi wa mjini wakawa hawataki batiki nyingine, na nusu ya wanawake wa kijiji cha Kalisogo wakapata kazi ya kuchora nta pale karakanani. Parjo, mume wa Rukmi, akawa ndiye msambazaji.

Kijiji hakikuwa na hiyana. Walimletea Rukmi maini ya kuku, mchicha na tempe ya soya ya kukaanga, na sokoni walimpisha apite.

"Wifi, mwezi huu vipi?" Kasmirah alikuwa akiuliza, sufuria ya supu mkononi.

"Zimeanza jana."

"Haya, kula ushibe. Usifulie kwenye beseni, ee? Shuka mtoni, upate na hewa."

Mwaka wa pili Rukmi alipauka. Kucha zilikuwa nyeupe kama ganda la yai, na akipanda ngazi za barazani moyo ulimwenda mbio. Siku moja akaanguka sokoni, wakampeleka zahanati. Muuguzi mmoja aitwaye Widati, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alipokuwa akimbadilishia shuka kwa mara ya pili, aliuliza, "Mwenzangu, hedhi yako ikoje?"

Rukmi akaangua kilio. Alipoweza kusema, alisema yote.

"Mto unakuwa mwekundu wote?" Widati aliuliza.

"Mpaka kwenye kona."

"Hiyo ni nyingi mno." Akavuta kiti. "Vidonge usiviache, hapo daktari kasema kweli. Lakini ndivyo vinavyozidisha hedhi, na wanawake wengi vinawafanya hivyo, basi tu wanaona haya kusema. Tutapima tuone kama damu yako imekuwa nyepesi kupita kiasi. Utapewa dawa ya kuongeza damu. Halafu kuna kitanzi cha homoni, kinawekwa kwenye kizazi, hedhi inapungua. Ila hapa kwetu, kuwekewa kitanzi lazima mume aje akubali."

"Atakubali," Rukmi alisema.

Parjo alimsikiliza mkewe huku akikunja vitambaa vya batiki barazani. Kasmirah alikuwepo.

"Ikipungua, inapungua kiasi gani?" Kasmirah aliuliza.

"Inaweza hata kukatika."

"Ikatike!" Akajishika kichwa. "Wifi, nina harusi tatu nimeshazikubali. Na wale wanawake wote karakanani nitawaambia nini? Nakuomba, vumilia mpaka msimu wa harusi uishe. Kwani nitakuacha ufe, mimi?"

"Daktari mwenyewe alisema moyo uko sawa," Parjo akasema, macho kwenye vitambaa.

"Moyo uko sawa, Parjo. Mimi ndiye siko sawa."

Parjo alikunja kingine, akakipanga juu ya vile vya kwanza, akakinyoosha kwa kiganja. Zahanati hakwenda wiki ile, wala iliyofuata. Kila alipoulizwa alisema kesho.

Siku za Rukmi zilipoanza tena hakuweza kusimama. Kasmirah alikuja mapema, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamsuka nywele, akamfunika mablanketi mawili kwa sababu alikuwa akitetemeka katikati ya joto. Kisha akakusanya vitambaa mwenyewe, akashuka navyo mtoni. Kutoka kitandani Rukmi alimsikia akipiga nguo jiweni na kulia. Alikuwa akilia kwelikweli, kwa sauti, maana alimpenda wifi yake. Na wanawake wa karakana, waliokuwa wamesimama majini kule kwenye kona, waliinamisha vichwa kwa huruma, wakaanza kutumbukiza vitambaa vyao.