Mkia Uliohama Upande

Mama Nukta alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akaivaa tena na kuinamia hadubini. Mkia ulikuwa palepale: kulia.

Kwenye karatasi aliyoichora kwa mkono wake wiki iliyopita, mkia ulikuwa kushoto.

Kazi yake ilikuwa kuchora minyoo wa baharini, wale wadogo wa mchangani ambao watano wakilala sambamba hawafikii unene wa uzi. Alichora nukta kwa nukta, ndiyo maana ofisi nzima ikamwita hivyo. Na huyu hakuwa mnyoo hivi hivi. Alikuwa dume pekee wa aina mpya, ambayo hakuna kitabu kilichowahi kuitaja.

"Mama," Daktari wa Minyoo alisema, kwa upole ule unaouma kuliko tusi, "nadhani ulichora mwingine. Au ni macho? Saa sita natakiwa nipeleke maelezo. Labda nitafute mchoraji mwingine."

"Mwanangu, macho haya yalikuwa yanahesabu vinyweleo vya minyoo wakati wewe unahesabu vidole."

"Basi mkia umehamaje?"

Mama Nukta akarudi kwenye hadubini. Alimzungusha mnyoo kichwa juu, kichwa chini. Kichwa kikirudi juu, mkia ulipinda kulia. Vinyweleo vya kichwani kumi, kama kwenye mchoro. Ni yeye, na siye. Ni kama kukutana na mume wako sokoni akakuuliza, "Samahani, tunafahamiana?"

Akaenda kunawa uso. Wifi yake, mfagiaji wa jengo lile, alikuwa anasugua kioo juu ya sinki.

"Wifi, mbona sura imekushuka?"

"Sijui kushoto, sijui kulia. Nadhani nazeeka."

"Ulianza zamani, leo ndio umepata taarifa? Kitendawili!"

"Niache."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina mwenzangu hana adabu. Nikimpa wa kulia, ananipa wa kushoto."

Maji yakimchuruzika kidevuni, Mama Nukta alimtazama mwanamke aliyekuwa anamkodolea macho mbele yake.

"Kioo," alisema. Kisha, polepole, "Kioo!"

"Kumbe kichwa bado kipo!" Lakini mwenye kichwa alishatoka mbio.

Mnyoo yule alikuwa amelazwa katikati ya vioo viwili vyembamba vilivyoshikwa na fremu, ili atazamwe pande zote mbili. Na lebo ya kuonyesha upande wa juu ilikuwa imebanduka. Mama Nukta akaigeuza fremu kama mtu anayegeuza mto kutafuta upande wa baridi. Mkia: kushoto.

Daktari alichungulia, akageuza, akachungulia tena.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyeiweka fremu juu chini. Mchoraji ni wewe." Akashika kalamu, akakwama. "Lakini sasa niandike mkia unapinda wapi? Upande upi wa kweli?"

Hata Mama Nukta kichwa kilimzunguka.

"Tumbo lake liko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Huku."

"Mgeuze."

"Sasa liko huku. Na mkia... mkia umelifuata!"

"Basi andika: unapinda kuelekea tumboni. Kushoto na kulia ni shida zetu sisi."

Daktari akaandika, kichwa kimeinama upande mmoja, yeye mwenyewe hajui upi.