Mkanda Aliopewa Velma

Kassim, dereva wa hoteli moja mjini Doha, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: filamu kuukuu. Chini ya kitanda chake kule Industrial Area, mtaa wa mabweni ya wafanyakazi, alijaza mikanda ya video, lakini iliyomkosesha raha ni komedi moja ya Kifaransa, ya wanakijiji wawili waliogombania ng'ombe hadi padri mwenyewe akawa ndiye anayemkamua. Wakusanyaji waliiwania kwa kuwa toleo la kwanza, lenye jalada la kuchorwa kwa mkono, lilikuwa na onyesho la harusi ya ghalani lililokatwa baadaye. Tena humo waliyaona maisha yaliyotoweka: matope mlangoni, kuku juu ya meza, majirani wasiosalimiana. Kassim aliitafuta miaka na miaka.

Aliyeipata ni Velma, Mkenya aliyekuwa yaya wa familia ya Kifaransa katika mtaa wa Al Thumama. Mapenzi ya mikanda aliambukizwa na Kassim mwenyewe. Familia ilipohama, mwaka 2009, mama wa nyumba hiyo alimpa mkanda ule.

Ijumaa moja Kassim aliwapeleka wageni kanisani Mesaimeer, akakutana nje na Velma, aliyekuwa na mkanda mkobani.

"Hebu angalia, Kassim. Wewe ndiye unajua hizi vitu. Ni ile yenyewe?"

Akaugeuzageuza. Ndio wenyewe. Kijicho kikampanda. Huyu aliyeanza juzi!

"Nakala tu hii," akasema bila kumtazama. "Jalada wamelichapisha upya."

Velma akanywea. "Na vile nilikuwa nimefurahi."

Kassim akavuta subira, akijua mtu hanyimwi kitu kisicho na thamani. Wiki iliyofuata akampigia simu.

"Ule mkanda wako, kama unakujazia chumba, nipe mimi."

"Woi, nilimpea Maurice. Yule askari Mganda. Alisema anataka kucheka tu."

"Maurice!" Kassim akaropoka. "Umempa Maurice toleo la kwanza?"

"Kumbe ulijua," Velma akasema, akakata simu. Hakuipokea tena simu yake.

Kassim akamwendea Maurice kwenye bweni la walinzi, akamwahidi mikanda yake yote kwa ule mmoja.

"Siwezi, ndugu yangu," Maurice akamjibu kwa upole. "Jamaa wameshaupenda. Kaa basi, ndio tunaanza."

Ukumbi wa chakula ulijaa watu wasiojua neno la Kifaransa. Walicheka hadi wakashikana mabega. Kassim alisimama nyuma, na kila kicheko alikiona kama kimeporwa kwake.