Kaburi la Pili Mezani kwa Darasa la Tano

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjanisema nyinyi. Mimi, mwalimu Beatrice, ndiye niliyewaambia watoto wa darasa la tano hapa Ipyana kwamba jengo si kuta tu, ni watu wanaokutana hapo. Nikawagawia udongo, tena ule mzuri wa wafinyanzi wa Ikombe uliokuja kwa mtumbwi, nikasema kila mmoja afinyange mahali ambapo watu wengi hukutana. Tungevipanga mezani siku ya wazazi, nao waone kwamba somo la sanaa si kuchezea matope.

Walifinyanga, jamani! Kanisa na mnara wake, soko, stendi. Mmoja akatengeneza sanamu ya mkulima wa mpunga ya kusimama njia panda, shingo imepinda lakini mkulima unamjua. Lusungu, binti wa Lazaro, akafinyanga kwao: nyumba, migomba, mabenchi, turubai la kitambaa, na makaburi mawili pembeni mwa nyumba. Kazi safi kuliko zote. Nikampa alama za juu na kuiweka mbele kabisa.

Mgeni angeuliza. Mimi mzaliwa wa hapa, niliyekua nikianika mpunga hatua mbili kutoka kaburi la bibi yangu, ningeuliza nini? Kila ua una makaburi yake. Sikuhesabu.

Aliyehesabu ni Hebroni, kaka mkubwa wa Lazaro. Siku ya wazazi alisimama mbele ya meza muda mrefu, kisha akapaza sauti.

"Lusungu! Kwenu kuna kaburi moja tu, la babu. Hili lingine la nani?"

Mtoto akatazama miguu yake. "La baba."

Lazaro alikuwa ametoka hospitali juzi tu, na watoto wake waliambiwa ni vidonda vya tumbo, atapona. Hata mimi niliambiwa hivyohivyo.

"Umemchimbia baba yako kaburi akiwa hai?" Hebroni akamsogelea. "Mtoto huyu ana uchawi! Leo halali nyumba moja na mdogo wangu. Namchukua, na shule basi!"

Akamkamata mkono. Wazazi wengine wakaanza kuwavuta watoto wao mbali na Lusungu, watu wazima na akili zao! Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Kivunje, Beatrice. Kivunje yaishe."

Nilikasirika, lakini niliogopa pia, siwafichi. Nikanyanyua mkono juu ya kile kijumba. Lusungu hakulia, alinitazama tu, nami nikaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Usikivunje, mwalimu."

Lazaro alikuwa mlangoni, amemwegemea mkewe, shati linamning'inia. Alikuwa amesikia yote. Akaja polepole hadi mezani, akaketi kwenye kiti cha mtoto.

"Kaka, mwachie mkono."

"Lazaro, huyu mtoto anakutakia..."

"Mwachie, nimesema."

Hebroni akamwachia. Lazaro akamvuta binti yake karibu.

"Nani kakuambia?"

"Nilikusikia ukimwambia mama. Nilikuwa jikoni." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Mwalimu alisema mahali ambapo watu watakutana wengi."

Sikusema watakutana. Nilisema hukutana. Lakini ningemsahihisha nini mtoto yule?

Hebroni akaketi sakafuni palepale, mtu mzima na suti yake, akajifunika uso. Naye hakuwa ameambiwa. Maskini, hasira yote ile, kumbe hajui lolote.

Lazaro akaisogeza migomba ya udongo kwa kidole, akaangalia vizuri.

"Na kwa nini umeniweka hapa?"

"Ili mama akiwa anapika akuone."

Mama yake akageukia ukutani. Lazaro akapumua kwa shida, kisha akatingisha kichwa.

"Hapa maji hujaa masika, mwanangu. Unakumbuka mwaka jana? Nisogeze huku juu, karibu na babu. Bado ataniona."

Lusungu akafuta pua kwa mkono wa sare, akanigeukia.

"Mwalimu, udongo umebaki?"

Ulikuwa umebaki. Nikaenda kuuleta, nikilia mbele ya wazazi wote.