Giaboksi Iliyonyamaza

Haya nilisimuliwa na fundi mwenyewe, mwaka juzi, siku aliyokuja kunikazia bawaba za mlango. Alikuwa anasema huku amenipa mgongo.

Asubuhi ya kisa chenyewe alikuwa amelala chali chini ya giaboksi iliyoning'inizwa kwa mnyororo, spana mkononi. Shemeji yake, mkunga, amesimama kando na viatu vyake vyeupe. Gari lilikuwa la mkunga: gari la mbio la zamani, milango miwili, pua ndefu, fupi kwa kimo kama mtu aliyekaa. Marehemu mumewe aliliacha na injini iliyopasuka, na injini ya aina ile ilikuwa haishikiki kwa bei. Basi miezi minne wakapanga kulitia injini ya kigari cha mizigo, ije na giaboksi yake. Fundi akapima kwa ufito nafasi iliyo chini ya boneti, akachora ukutani kwa chaki pa kukata na pa kuchomelea.

"Shemeji," mkunga alimwambia, "hii ni mara moja. Ukikosea sina ya pili, gari litakuwa banda la kuku."

Fundi akaenda kuichagua mwenyewe kwa muuza vyuma chakavu. Injini iliwashwa palepale chini, imefungwa kwenye tairi. Fundi akaegemeza ncha ya spana kwenye giaboksi, ncha ya pili sikioni, kama wafanyavyo mafundi wa zamani. Hakusikia mkwaruzo.

"Imetulia kama maji mtungini," akasema, akaipokea.

Sasa, chini ya mnyororo, alitaka tu kumwaga oili kabla ya kuipandisha. Nati ya chini ikagoma, kisha ikalegea. Kilichotoka si oili. Kilishuka kitu kizito, cheusi, chenye nyuzinyuzi, kikamdondokea kifuani na kuteremka hadi kwapani. Harufu ikafuata, tamu, ya kuoza. Mkunga, mzoefu wa damu za watu, akaziba pua kwa mtandio.

"Nini hicho?"

"Maganda ya ndizi na unga wa mbao." Fundi akatema mate. "Gia zikilika meno, mtu anajaza uchafu huu ili zisilie. Mtu wa hivi humuuzia hata mama yake kitanda chenye kunguni."

"Laana yake."

"Laana yake," fundi akaitikia.

Ndipo akaitazama nati. Mikato yake ya kukazia imezungushiwa ukanda wa pakiti ya maziwa, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani. Ujanani alikuwa akiziba hivyo nati zilizochakaa, peke yake mji mzima, na wenzake wakamtania Baba Maziwa. Giaboksi hii aliijaza yeye. Alimuuzia dereva wa kigari cha mizigo, aliyemshukuru kwa mikono miwili.

Akaifumbata nati kiganjani.

Mkunga alikwishabeba mkoba. "Nakwenda kwa huyo muuza vyuma. Leo atanitambua."

Alifika mlangoni. Kunyamaza tu kungetosha kumwokoa fundi.

"Shemeji, rudi. Uliyemlaani ni mimi."

"Wewe nani?"

"Niliijaza mimi. Zamani."

"Ukaja kuisikiliza kwa sikio lako, ukaisifu?"

"Nikaisifu."

"Na uliyemuuzia?"

"Dereva. Sijui ilimfia wapi. Sikutaka kujua."

Mkunga akamtazama kama beseni ambalo si zamu yake kulimwaga. "Utaifungua yote, utaiosha kwa mikono hiyo hiyo. Gia nzima utazitafuta kwa jasho lako. Kisha umtafute huyo dereva."

"Nitamtafuta."

"Na mlango wa gari langu usiushike mpaka umemwona."

Akaondoka, akipanga hatua asikanyage ule uchafu.

Fundi akafungua. Akachokonoa maganda kwa kidole, uvungu kwa uvungu, akitapika mara mbili ndani ya ndoo ya nati. Adhuhuri mkewe akaleta chakula, akasimama mbali.

"Mume wangu, unanuka nini?"

"Nanuka mimi, mama. Weka hapo."

Jua la saa kumi lilipoingia, gia zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, meno yamelika kama yangu haya. Fundi akajilaza ubavu kwenye boksi la karatasi lililotandazwa chini, mikono ameinyoosha mbali na uso. Nzi wakapita juu ya sahani iliyoachwa wazi, hawakutua. Walitua viganjani mwake, wakatulia, na yeye hakuwafukuza, alikuwa keshalala.