Kilemba cha Gunia

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka tisini na tatu, Bartholomeo alipanda juu ya mizani ya hospitali mjini Morogoro akiwa na fulana na kaptula, miguu mitupu, mikononi hana kitu. Mshale ulipanda hadi kilo mia na kumi na nane ukatulia. Alikuwa mtu mwembamba, mbavu zake zilionekana kupitia fulana. Muuguzi aligonga kioo cha mizani kwa kalamu, mshale haukusogea, akaandika 118 kwenye cheti na kumwita mwingine. Aliyefuata, mama mmoja mnene wa Kihonda, alikuwa na sabini na nne. Mizani ilikuwa nzima.

Bartholomeo alishuka akishikilia ukuta, kwa sababu mguu wake wa kushoto haukuwa wa kuaminika.

Kazi yake ilikuwa kupakia magunia huko Mgeta, pale malori ya Dar es Salaam yanapogeuzia. Zamani chama cha ushirika kilikuwa na mizani yake ndani ya ghala. Halafu ikaja ruhusa, anayetaka kununua anunue, anayetaka kuuza auze, na katibu wa mwisho wa chama akafunga ghala akaondoka na ufunguo. Mizani ikabaki ndani. Tangu hapo viazi havikupimwa tena kwa kilo, vilipimwa kwa gunia, na gunia linajaa pale mnunuzi anaposema limejaa. Likishafika mdomoni huzungushiwa majani ya mkaratusi, viazi vikapangwa juu yake vikipanda, vikashonewa kwa kamba ya katani hadi gunia linavaa kilemba kama shehe. Likiisha kuvaa, bado linaitwa gunia moja.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Mgeta hapakuwa na Mnyamwezi, akapewa Bartholomeo. Wenzake wawili walimtwika, yeye akainama, akapanda ubao wa lori, akatua. Alifanya hivyo miaka sita, na hakuna siku aliyoangusha gunia. Jambo hilo alijivunia kuliko nyumba yake ya bati.

Maumivu yalimwanza wakati wa masika. Yalitoka kiunoni, yakapita tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye kidole gumba cha mguu, na yalimchoma zaidi akikohoa. Kijiji kizima kilikubaliana kuwa ni ngiri. Alikunywa mizizi ya ngiri iliyochemshwa, akachanjwa chale mbili juu ya kiuno, akakandwa kwa jiwe la moto lililofungwa kangani. Ngiri, kama ingekuwepo, ingepona. Siku moja alipanda kutoka barabarani hadi nyumbani, na mkewe Juliana akamuuliza ndala ya kushoto iko wapi. Ilikuwa imemtoka kwenye kona, karibu na jiwe kubwa, nusu saa nyuma, naye hakuhisi kitu.

Wakati huohuo alianza kuwa mzito. Kitanda kilivunjika kwanza, kisha benchi la jirani. Kwenye njia kavu ya mlimani nyayo zake zilizama kama za mtu aliyetwikwa, hata akitembea mikono mitupu.

"Wewe unalala na gunia," Juliana alisema, akaenda kuchanja ubao mwingine wa kitanda. Ni yeye aliyemtuma mjini, akae kwa dada yake Mafiga hadi atakapopona.

Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa varanda. Mwenyewe aliitwa Bi Martina, mama wa miaka hamsini na ushei, miwani kifuani, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Alipokea shikamoo, akasoma cheti, akafika kwenye 118 wala hakuinua nyusi. Alimlaza chali akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, na Bartholomeo akapiga ukelele kabla haujafika mbali. Akamgusa kidole gumba kwa pamba, Bartholomeo hakujua kama ameguswa.

"Nyinyi watu wa Mgeta mna mifereji ya kumwagilia, sivyo?"

"Ipo, mama."

"Mfereji ukizibwa juu, bustani gani inakauka?"

"Ya chini."

"Basi mguu wako ndio bustani ya chini. Hauna kosa. Kati ya pingili za mgongo kuna kitu laini, kama mto wa kulalia. Wako umeminywa ukatokeza nyuma, unaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Si ngiri, wala si figo, na hakuna aliyekuroga."

Bartholomeo aliuliza kama atapasuliwa. Bi Martina alisema wengi hupona bila kisu, kwa wiki sita, wengine kumi na mbili, mradi wafanye wanachoambiwa. Asilale kutwa nzima. Atembee tambarare kila siku. Kuinua mzigo ni marufuku. Siku atakayoshindwa kuzuia mkojo, au kufa ganzi katikati ya mapaja, aje mbio, asingoje kesho.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu," Bartholomeo alisema. "Mguu utarudi?"

"Utarudi ukishatua."

Alilala kifudifudi na kujiinua taratibu kwa viwiko, kiuno kikibaki kitandani. Mara ya kumi, kitu kilidondoka chini ya kitanda na kubingirika hadi mlangoni. Kilikuwa kiazi. Kilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, kana kwamba kimechimbwa asubuhi.

Bi Martina alikiokota akakiweka dirishani, kisha akasukuma beseni chini ya kitanda kwa mguu.

"Endelea. Wagonjwa wa mashamba ya miwa huacha miwa, tunafagia mpaka jioni. Yule fundi wa matofali ndiye aliyetuvunjia sakafu."

Bartholomeo aliendelea. Kila Jumanne na Ijumaa alitoka Mafiga kwa miguu, pole pole, akapanda mizani, akajiinua kwa viwiko, na beseni likajaa. Mpishi wa wodi alikuja kulichukua na kusema viazi vya mlimani havina mpinzani. Mshale ulishuka hadi mia na tano, tisini na sita, themanini. Maumivu nayo yalihama, kwanza yakaachia kidole, kisha goti, kisha paja, yakarudi juu kiunoni yalikotoka, na Bi Martina akasema hiyo ndiyo dalili njema.

Wiki ya tano Bartholomeo aliinama juu ya beseni akavitazama viazi vile kwa makini. Kati yake kulikuwa na majani ya mkaratusi, na kila kiazi kilikuwa na alama ya kamba ya katani ubavuni. Vyote vilikuwa vya kilemba. Havikutoka ndani ya gunia hata kimoja. Gunia lenyewe alikuwa akilitua kila mara kwenye lori, na kila aliyehusika akalitambua. Kilemba hakuna aliyekitambua kuwa ni mzigo, kwa hiyo hakuna aliyempokea.

Wiki ya tisa aliingia chumbani, akavua ndala, na baridi ya sakafu ikampanda kutoka kidole gumba cha kushoto. Alisimama pale pale akalia mbele ya wagonjwa wanne. Hakuona haya.

Alitoka hospitalini na kilo sitini na moja, kiroba cha viazi vya siku ya mwisho, ambavyo mpishi alivikataa kwa kukosa nafasi, na barua ya Bi Martina yenye muhuri. Barua ilisema huyu asibebe gunia tena, na yeyote atakayebeba, gunia lishonwe usawa wa mdomo.

Aliporudi Mgeta, mnunuzi alikuwa barabarani. Aliitwa Abuu, kijana wa Dar es Salaam, mtu wa adabu, asiyempita mgonjwa bila kumpa pole.

"Shikamoo mzee Batholo. Pole sana, umenenepa!"

"Marahaba. Nimepungua, baba. Soma hii."

Abuu aliisoma barua yote, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akairudisha kwa mikono miwili.

"Kweli kabisa," alisema. "Lakini nikishusha gunia lisilo na kilemba sokoni, wataniuliza nani ameniibia njiani." Akachungulia ndani ya kiroba. "Na hivi si vya kilemba? Naona kamba."

"Vya kilemba."

"Basi si ni vyangu, mzee." Alivitoa kimoja kimoja, bila haraka wala ubaya, akavipanga juu ya gunia lililokuwa karibu, na mshonaji akashona. Bartholomeo alishika barua yake akatazama. Kila aliyekuwa pale alikuwa akingoja lori lijae.

Juliana alitokea bondeni akiwa na kikapu kichwani. Kwa wiki zote zile alikuwa akipandisha vikapu vya viazi vya kujazia vilemba, kazi ambayo haikuhesabiwa kuwa kazi kwa sababu haikufikia gunia. Alipomwona mumewe amesimama wima, alicheka kwa sauti kubwa mpaka kikapu kikatikisika.

Walipanda nyumbani jua likiwa bado lipo. Juliana alitangulia, kikapu amekiacha barabarani, mikono mitupu, akisimulia habari za kuku na za paa. Bartholomeo alifuata, akifurahia kila jiwe chini ya mguu wake wa kushoto. Kisha akaona nyayo za mkewe kwenye njia kavu. Zilikuwa zimezama. Penye kona, karibu na jiwe lile lile, palikuwa na ndala ya kushoto ya kike.

Alikunja magoti, mgongo ukiwa umenyooka kama alivyofundishwa, akaiokota. Akamfikia, akachuchumaa, akamvisha.

"Ilinitoka?" Juliana aliuliza.

"Ilikutoka."

Chini yao lori lilipiga honi. Juliana aliutazama mguu wake kidogo, akausukuma mbele.

"Twende," alisema. "Kesho linakuja mapema."