Simu ya Chama

...na sasa Mwenyekiti kafika kwenye suala la simu, hatimaye, chai imeshapoa na sambusa zimebaki za viazi tu, Daktari Masele anasoma taratibu kama kawaida yake, kwamba chama cha madaktari wa watoto kanda ya ziwa kibaki na semina na makongamano, ile simu ya ushauri kwa vituo vya afya ifungwe, na Nisha keshaamua, atanyoosha mkono, hana kinyongo na mtu, amechoka tu, simu inazunguka kwa zamu na wiki hii iko mapajani mwake, imelia akiwa sokoni, imelia akiwa kwa mama yake chapati iko mdomoni, na kaka yake Kunal, wakili, alimwambia waziwazi, unamtibu mtoto usiyemwona, akifa ataulizwa nani... kweli, nani, "Wanaounga mkono ifungwe, wanyooshe," anasema Masele, mikono inapanda, na hapo hapo simu inatetemeka, haya, aipokee, ni za mwisho mwisho hizi, anainama chini ya meza, "Daktari, ni Sista Wilhelmina wa Kamanga, mtoto anapumua kwa shida, ngoja nikuwekee," wala hangoji ajibiwe, wauguzi wote wa ng'ambo ya ziwa wana mtindo huo, sijui nani aliwafundisha, wanaisogeza simu puani kwa mtoto wananyamaza... Nisha anaziba sikio la pili kwa kiganja, pumzi fupi fupi, kila inapotoka ina mguno mdogo, nimonia hiyo, tena kali, haihitaji macho, na yule wa juzi wa Sengerema aliguna hivi hivi, alipona? hakupiga kuuliza, siku zote hizi hakupiga, simu anayo mwenyewe, aliogopa kuambiwa... kumbe ndiyo hiyo, si uchovu, ni woga, na simu ikifungwa woga wenyewe hauishi, atabaki nao Wilhelmina kule peke yake na mtoto mkononi, "Muweke kwenye oksijeni, sindano ya kwanza mpe sasa hivi, halafu mvuke naye kwa kivuko, nitawapokea," ananong'ona, "Sawa Daktari, usikate kwanza," na hakati, mtoto anarudishwa sikioni, anaguna, anavuta, anaguna, "Daktari Nisha, mbona sikuoni?" anauliza Masele, wenzake wote wamegeuka kumtazama, naye Nisha anaogopa vilevile kama alivyoogopa siku zote hizi, anasikiliza, Masele bado anahesabu mikono, na wa Nisha haumo.